Dawa ya Mke, Dawa ya Dada

Kinyozi hajinyoi, lakini yule waliyemwita Wembe alijinyoa mwenyewe kila asubuhi, mbele ya kioo cha duka lake, kabla hajageuza kibao cha mlangoni. Hakutaka mtu mwingine amshike kichwa. Mkono, hata hivyo, alishikwa na wanawake wawili, na kila mmoja akamvuta kwenda kwa daktari wake.

Wa kwanza alikuwa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Watoto. Wa pili alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye mpaka leo, Wembe akiwa na mvi za kutosha kujaza ndoo, alimwita "wewe mtoto". Basi wanawake hao ni mawifi. Asiyejua mawifi wanavyoweza kuwa, ama hana dada ama hajaoa.

Siku Wembe alipopimwa mara ya kwanza akaambiwa ana presha, dada alisema neno moja tu mbele ya wageni: "Mimi nilimkabidhi mzima."

Mama Watoto akajibu, "Alikuja na presha yake kutoka kwenu, imefungwa pamoja na nguo."

Hawakusemezana tena kwa muda mrefu. Wakikutana barabarani, mmoja alikumbuka kitu upande wa pili.

Badala ya maneno wakaanza vitendo. Mama Watoto alimpeleka mumewe kituo cha afya kilicho nyuma ya soko, ambako alijifungulia watoto wake wote na wauguzi walimjua kwa sauti. Dada naye alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali kubwa, ile ya ghorofa. Huko alimwingiza ndugu yake kwa mlango wa pembeni, akapimwa watu wa foleni wakiwa bado wanatafuta pa kukaa.

Wembe hakuwa mtu wa ugomvi. Kinyozi mgomvi hakai mjini. Alimwambia mkewe, "Mimi natibiwa kwako tu." Akamwambia dada yake, "Mimi natibiwa kwako tu." Na ajabu ya Mungu, mwezi uleule amani ikaingia. Kila mmoja aliona ameshinda, na mshindi huwa mkarimu. Mama Watoto akatuma salamu. Dada akaja kutembea na mfuko wa matunda. Siku hiyo Wembe aliwakuta wamekaa kwenye kochi moja, magoti yanagusana, "wifi yangu" huku na "wifi yangu" kule, akasimama mlangoni akifikiri kwamba presha si ugonjwa mbaya kama watu wanavyosema.

Amani ile ilikuwa na masharti yake. Asubuhi mkewe alisimama mbele yake na glasi ya maji na kidonge cheupe cha duara. Mchana dada alipita dukani akitoka zamu, akafungua kikaratasi, akatoa kidonge cha pinki, kirefu kama harage. Hakuondoka mpaka kimemezwa.

"Fungua mdomo, wewe mtoto."

Wembe alifungua. Wateja walicheka mpaka povu likawadondokea shatini.

Hakuwa na wasiwasi. Kimoja cheupe, kimoja cha pinki, kimoja duara, kingine kirefu: kwa macho yake zilikuwa dawa mbili zenye kazi mbili, na kama moja inasaidia, mbili zinasaidiana. Kadi ya kituo ilikaa kabatini kwa mkewe. Kadi ya hospitali ilikaa kwenye droo ya duka, chini ya vitana. Kadi hazitembeleani.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wa zamani. Wembe hakuyaficha, aliyatangaza mara mbili. Ila alikuwa na jambo jingine la peke yake, na hilo alilitoa kwenye kazi yake. Aliamini kwamba ugonjwa unapaswa kupelekwa kwa daktari na sura yake halisi.

"Mtu akija kwangu kunyoa, aje na nywele zake," aliwahi kumweleza mteja. "Sasa wewe unakwenda kliniki umeshameza dawa. Daktari ataona nini? Ataona kipara."

Kwa hiyo kliniki yoyote ilipokaribia, vidonge alivihifadhi chini ya ulimi, asubuhi na mchana, akavitema wanawake wakishageuza migongo. Alifika kwa daktari mkavu kabisa. Daktari alifunga mpira mkononi, akatazama namba, akatikisa kichwa. "Mwili wako mkaidi, mzee. Tuongeze kidogo." Huku wakaongeza. Kule wakaongeza. Akirudi nyumbani alianza tena kumeza vyote viwili, sasa vikubwa kuliko vya mwanzo.

Kizunguzungu kilianza polepole. Akiinama kuokota taulo na kuinuka, dunia ilifungwa kama pazia, halafu ikafunguliwa. Alishika ukuta akangoja. Akasema moyoni: presha inapanda hii. Akazidi kumeza kwa uaminifu.

Mtu mwingine angejikalia nyumbani apumzike. Wembe hakuweza. Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wamefungua saluni yenye taa za rangi, muziki na viti vinavyozunguka. Walikuwa na kila kitu isipokuwa mkono. Wembe wa kukunja, ule unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi, hakuna kati yao aliyethubutu kuuweka shingoni mwa mtu. Wazee walikuja kwa Wembe kwa ajili hiyo, na mabwana harusi, na kila mwenye ndevu ngumu na ngozi laini. Mashine anashika yeyote. Wembe ndio uliomlisha na ndio uliompa jina. Mkono wa namna hiyo ukianza kutetemeka, mwenye mkono amekwisha, au mwenye shingo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, dada ameshapita, kidonge kimeshamezwa. Kitini alikuwepo Mwalimu, mstaafu mwenye maneno mengi, kichwa amekilaza nyuma, povu kutoka sikio mpaka sikio.

"Wale vijana wa ng'ambo," Mwalimu alisema akitazama dari, "juzi wamemnyoa mpwa wangu kichwa kikawa kama ramani. Nikamuuliza, hii ni nchi gani?"

"Usicheke, Mwalimu. Niko kwenye koo."

"Sicheki, nasikitika. Mbona unapumua hivyo?"

Wembe alikuwa anasikia filimbi masikioni. Akatazama chini akaona Walimu wawili, kila mmoja na povu lake, na hakujua shingo ya kweli ni ipi. Akili iliyobaki ilimtosha kufanya jambo moja: alitupa wembe mbali, ukagonga ukuta, ukaanguka sakafuni. Kisha akaanguka yeye.

Ukiruka, wembe ulikuwa umemgusa Mwalimu shavuni, mstari mwembamba kama wa penseli. Mwalimu hakuusikia. Alitoka mbio barabarani, nusu ya uso povu na nusu damu, akipiga kelele kwamba kinyozi amekufa. Waliomwona walidhani aliyeuawa ni yeye. Muuza magodoro wa jirani ndiye aliyekuwa na gari. Wakampakia Wembe nyuma, juu ya mzigo. Alilala vizuri kuliko wagonjwa wengi.

Kituo cha afya ndicho kilichokuwa karibu. Walipomlaza aliinua kope, akaona dripu inaning'inia na daktari ameinama kwenye kompyuta, anaandika kwa vidole viwili. Daktari huyo alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na hakuwa na maneno ya ziada.

Kompyuta zilikuwa zimeletwa hapo siku si nyingi. Wembe hakuzipenda. Zamani ulitoa kadi, ukajibu unachotaka, ukaenda zako. Sasa ulitaja namba ya simu tu, na kile kioo kikaanza kukueleza wewe habari zako.

Daktari alipima mara mbili, amelala na amekalishwa. Presha ilikuwa chini kabisa, chini mahali ambapo watu wazima hawasimami.

"Kliniki iliyopita ilikuwa juu," alisema. "Nikakuongezea dawa. Leo iko shimoni. Unatibiwa wapi kwingine?"

"Hapa tu, daktari. Mimi ni wa hapa."

Daktari akageuza kioo kuelekea kitandani. "Na huyu wa hospitali ya ghorofa mwenye jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na simu yako, ni pacha wako?"

Wembe alitazama. Pembeni palikuwa na safu ya kituo, kando yake safu ya hospitali, tarehe zikishuka pamoja kama watu wawili wanaoteremka ngazi. Hakujua kwamba sehemu zile mbili zilikuwa zimeunganishwa. Hakuna aliyemwambia, na angeambiwa asingejali. Kwake hospitali ni kuta.

"Wameanza lini kuonana?" aliuliza.

"Wiki iliyopita."

"Wangengoja kidogo."

Daktari hakucheka. Akaweka kidole kwenye kioo. "Dawa hii ninayokupa mimi, na hii wanayokupa wao, ni moja. Viwanda viwili, rangi mbili, majina mawili juu ya boksi. Ndani ni kitu kilekile. Tumekuwa tunakuongezea kwa zamu, sisi na wao, kila mmoja akidhani yuko peke yake."

"Cheupe na cha pinki?"

"Cheupe na cha pinki."

Wembe akafumba macho. Kutoka kwenye korido alisikia sauti mbili anazozijua. Muuza magodoro alikuwa mtu mwema, alikuwa amepiga simu zote mbili.

"Daktari," alinong'ona, "hiyo moja ifute."

"Ipi?"

"Yoyote. Ya kule. Mke wangu yuko mlangoni."

"Haifutiki. Nikiigusa, inaandika kwamba nimeigusa, na saa."

"Kumbe mmbea kabisa."

"Mmbea huyu ndiye aliyekuokoa leo. Bila yeye ningepunguza dawa yangu, ningekupa maji, ungerudi nyumbani umechangamka, na ile ya kule ingeendelea kukuzamisha. Na mimi nisingejua kwa nini mpaka waje kuniambia umezikwa." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Kuna kitu bado sielewi. Mtu anayemeza dawa mara mbili angefika kliniki presha iko chini. Yako kila tarehe ya kliniki iko juu. Hapa juu, kule juu. Namna gani?"

Ikabidi Wembe aeleze. Alieleza habari ya nywele na kipara, na ugonjwa kuonekana na sura yake. Alieleza vizuri, kama anavyowaeleza wateja, na aliona ni jambo lenye akili mpaka alipofika mwisho wake.

Daktari alijifunika uso kwa kiganja.

"Mzee," alisema hatimaye, "kwangu njoo umeshanyolewa. Nataka kuona kazi yangu mimi, sina haja na nywele zako."

Akaandika hilo pia. Wembe aliona herufi zikitokea moja moja na akajua kwamba kule ghorofani kuna mtu atazisoma. Aliuliza kama ni lazima.

"Mwaka jana ningekuandikia barua upeleke mwenyewe," daktari alisema. "Ungeifikisha?"

Wembe akafikiri. "Ningeichana."

"Basi."

Daktari wa hospitali alijibu kabla dripu haijafika nusu. Walikubaliana: dawa ya kule isimame kabisa, ya hapa ianze upya kwa kipimo kidogo, na kila atakayempima aandike ili mwingine aone. Kwa madaktari mambo yalikuwa yamekwisha, wala hapakuwa na aliyemkasirikia mwenzake.

"Sasa nitibiwe wapi?"

"Popote. Ukija hapa naona ya kule. Ukienda kule wanaona ya hapa. Majengo yawe mawili au kumi, dawa ndiyo iwe moja."

Kwa majengo ilikuwa rahisi. Lakini kesho asubuhi mkewe atasimama na glasi, na mchana dada atasimama mlangoni na kikaratasi. Wembe alisema hivyo. Akasema pia kwamba kila mmoja anajua upande wake tu, na amani iliyoko nyumbani imejengwa juu ya hapo.

"Wakijua?"

"Watarudi vitani."

"Na wasipojua, wewe utakufa katikati ya amani." Daktari akasimama. "Mimi siwezi kuwaambia. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Ukitaka, nitawazuia wasiingie."

"Naweza kuwa natema cha dada. Mimi hodari wa kuficha chini ya ulimi."

"Dawa ya kule imesimamishwa. Dada yako anafanya kazi kulekule. Siku akinyimwa vidonge, atamuuliza nani?"

Wembe alitazama mkono wake juu ya shuka. Alifikiria shingo ya Mwalimu. Mstari wa penseli, na angechelewa pumzi moja kuutupa ule wembe, lisingekuwa suala la penseli.

"Waite," alisema.

Waliingia wameshikana mikono. Korido ilikuwa imewatisha wote wawili. Dada alinuka sabuni ya kufulia, aproni bado kiunoni. Mama Watoto alikuwa amevaa ndala za rangi mbili tofauti.

Wembe aliwaambia yote akitazama dripu. Hakupamba. Alipomaliza, Mama Watoto aliachia mkono wa wifi yake, akasogea kwenye kioo, akaweka kidole kwenye tarehe moja.

"Siku hii uliniambia unakwenda kunoa mikasi."

"Ndiyo."

"Na hii?"

"Kunoa mikasi."

"Mikasi imekuwa mikali sana hiyo." Akageuka. "Wifi, vidonge vyako vya rangi gani?"

"Pinki."

"Vyangu vyeupe."

Dada akakaa ukingoni mwa kitanda, juu ya mguu wa mgonjwa, wala hakugundua. "Kila mchana," alisema. "Kila mchana namwambia fungua mdomo. Kumbe nilikuwa namuua kwa mkono wangu."

"Tulikuwa tunampa dawa," alisema Mama Watoto. "Wa kuuliwa ni yeye na uongo wake."

"Mimi nilitaka msigombane," Wembe alisema.

"Nyamaza!" walimwambia, wote kwa pamoja.

Pengine hapo ndipo wangeungana. Lakini Mama Watoto aliuliza, kwa sauti ya kawaida, dawa iliyobaki ni ya wapi. Daktari akasema ni ya hapa. Na uso wa Mama Watoto, hata katika msiba ule mdogo, ukashindwa kujizuia: ukaonyesha ushindi, kwa muda wa kupepesa jicho. Dada aliuona. Akainuka, akavuta aproni, akamgusa ndugu yake kwenye paji la uso kama anapima joto la mtoto, akatoka. Hakuaga.

Siku zilizofuata hakupita dukani. Mchana ukifika Wembe alitazama mlango, akauona mtupu. Asubuhi alimeza kidonge kimoja cheupe, kidogo kuliko cha zamani, mkewe akisimama kama askari. Kizunguzungu kikapungua, kisha kikaisha. Aliinama akaokota taulo, akainuka, dunia ikabaki wazi.

Duka nalo lilibaki wazi, na hapakuwa na haja. Daktari alikuwa amemkataza wembe mpaka presha yake itulie akiwa amesimama. Lakini hata asingemkataza. Mwalimu alikuwa amezunguka mtaa mzima na plasta shavuni, akisimulia, na kila aliposimulia plasta ilikua. Wazee walianza kufuga ndevu. Mabwana harusi walivuka barabara. Waliobaki waaminifu walikaa kitini wakishika mikono ya kiti.

"Leo mashine tu, Wembe. Nina haraka."

"Zamani hukuwa na haraka."

"Zamani nilikuwa na shingo ya ziada."

Alipiga mashine. Jioni alinoa wembe wake kwenye mkanda, akaufuta, akaukunja, akaurudisha ndani bila kuutumia. Hakumlaumu mtu. Angekuwa yeye asingekaa.

Tarehe ya kupimwa ilipofika, alikunywa dawa kama alivyoagizwa, mkewe akamfungua mdomo na kukagua hata chini ya ulimi. Wembe alichukua kofia aelekee kituoni. Mama Watoto akamwambia, "Twende kule kwa wifi."

"Kule ghorofani? Kwa nini?"

"Wanasema wanaonana. Nataka kuona kwa macho yangu."

Hakusema zaidi, na Wembe alikuwa amejifunza kutouliza.

Walipanga foleni kama watu wengine, mlango wa pembeni haukuwa na mtu wa kuwafungulia. Waliingia kwa daktari wa kike, kijana, ambaye hawakuwahi kumwona. Alichukua namba ya simu, akasoma kioo. Hakuuliza historia. Hakuuliza kadi.

"Wewe ndiye kinyozi," alisema. "Umezuiwa wembe. Leo umemeza dawa?"

"Mbele yangu," alijibu Mama Watoto.

"Na huwa unaacha kabla ya kliniki."

"Nilikuwa," alisema Wembe. Ilimkera kidogo kwamba aibu yake imefika kabla yake, imekaa kitini inamngoja. Lakini pia hakulazimika kueleza upya habari ya kipara, na hilo lilikuwa nafuu.

Daktari alimpima amelala, akampima amekaa, akamsimamisha akampima tena. Akalinganisha na namba za kituo, siku kwa siku. Mama Watoto alisogea kutazama, akaziona tarehe za kituo chake pale, zote, pamoja na ile ya magodoro. Akaguna.

"Imetulia," alisema daktari. "Dawa isibadilike. Shika wembe wako."

Wembe alitoka nje ya chumba akitazama viganja vyake. Alipogeuka kumwambia mkewe waondoke, mkewe alikuwa ameshashuka ngazi za upande wa pili, zile zinazoelekea kwenye mvuke wa sabuni. Akamfuata, akaishia kwenye benchi la nje ya chumba cha kufulia. Mlango ulikuwa nusu wazi.

Waliyosemezana hakuyasikia, mashine zilikuwa zinanguruma. Aliona tu shuka jeupe, refu, limenyooshwa kati ya watu wawili, kila mmoja ameshika ncha mbili. Walikunja, wakasogeleana, wakatengana, wakachukua jingine. Vinywa vyao vilikuwa vinafanya kazi muda wote, na nyuso hazikuwa za kheri hata kidogo. Mara mkewe alipiga shuka kwa nguvu likalia kama bunduki. Mara dada alielekeza kidole mlangoni, na Wembe akainamisha kichwa. Lundo la mashuka machafu lilipungua. Alikaa hapo mpaka mlinzi akamuuliza kama amepotea.

"Sijapotea," alisema. "Najadiliwa."

Mchana wa kesho yake dukani walikuwepo watu wawili wanangoja mashine, fundi rangi na dereva wa lori. Wembe alikuwa amewaambia kwamba ameruhusiwa wembe. Walimpongeza kwa dhati na kubaki wanangoja mashine.

Kivuli kikasimama mlangoni. Dada, mikono mitupu. Wembe, kwa mazoea tu, akafungua mdomo.

"Funga, kuna nzi," alisema dada. Akawasalimu wale wawili, akapita mbele yao, akakaa kitini. Akafungua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe karibu zote, na kisogoni zilikuwa zimeota ovyo mpaka shingoni.

"Nisafishe hapa nyuma."

Wembe alinyoosha mkono kuchukua mashine.

"Nimesema nini mimi? Wembe."

Dereva wa lori aliacha kutafuna. Fundi rangi akatazama sakafu. Wembe alinawa mikono, akaikausha, akaukunjua wembe wake ambao hakuutumia muda wote ule, akaupitisha kwenye mkanda, huku na huku. Akapaka povu nyuma ya sikio la mtu aliyemnyoa yeye alipokuwa mtoto, kwa mkasi wa jikoni.

"Dada, ukae kimya. Usitikisike."

"Mimi si Mwalimu." Akainamisha kichwa, shingo ikawa wazi yote. "Na ukinikata, mimi naenda kutibiwa kwa wifi. Siku hizi hata huko wanaona habari zangu zote."

Wembe alianza chini ya sikio la kushoto. Dukani palikuwa kimya, ikasikika ile sauti ndogo, kavu, ya nywele zinazokatika. Mkono ulikwenda, ukarudi, ukafutwa kwenye taulo, ukaenda tena. Hakuharakisha. Alipomaliza alifuta shingo kwa maji ya uvuguvugu, akamwonyesha kwa kioo kidogo. Dada alijipapasa kwa kidole, akatazama kidole, akafunga kitambaa chake.

Fundi rangi akakohoa. Aliuliza kama povu limebaki.